Jinsi "Mpendwa Mteja" Alivyonyamazishwa

Sogeeni, enyi mliowahi kushtuliwa usingizini kwa upuuzi, mpewe habari ya vita vilivyopiganwa katika nyumba ya vyumba viwili, bila ngoma wala bendera.

Baba alifariki Jumatano, saa tisa usiku, wadi namba nne. Habari ilikuja kwa simu. Tangu siku hiyo simu yake, yenye laini ya jina lake, hulala dirishani ikiwa imewashwa, sauti juu kabisa. Maana dada yangu, aliye mbali na mwenye mimba ya miezi minane, namba anayoijua kwa kichwa ni hiyo moja tu.

Ndipo akaja adui. Kampuni ya Simu, Malkia wa Minara, Mama wa Ofa, mwenye majeshi yasiyolala kwa kuwa hayana macho, akarusha mshale wake wa kwanza tukiwa bado na wageni wa msiba. Tii! Saa tisa usiku. Mama akaruka, akavaa viatu, akaketi ukingoni mwa kitanda. Bila miwani haoni herufi.

"Soma, mwanangu. Nani amekufa?"

Nikasoma: "Mpendwa mteja, usiku ni wako! Pakua muziki mtamu sasa."

"Nani huyo?"

"Si mtu, mama. Ni mashine."

"Na mashine nayo inaniita mpendwa?"

Wiki ya kwanza mshale ulikuwa mmoja kila usiku. Wiki ya tatu ikawa minne, na mara nne mama akavaa viatu. Nikajifunga mkanda, nikatwaa ngao yangu, yaani bahasha yenye nakala ya kitambulisho cha marehemu, nikaivamia ofisi ya Kampuni. Nikapewa namba themanini na sita. Nikaketi saa mbili chini ya picha ya watu wanaocheka na simu zao, sijui wanacheka nini.

"Ewe mlinzi wa kaunta ya tatu," nikanena, "yarudishe majeshi yako ngomeni, yanamtesa mjane!"

"Karibu, kaka. Mwenye laini yuko wapi?"

"Amelala."

"Basi akiamka aje mwenyewe."

"Amelala makaburini, dada. Haamki, ingawa ninyi mnajaribu kila usiku."

Binti akaacha kutafuna ubani. "Pole sana. Kama amefariki, naifunga laini sasa hivi."

"Usiiguse!" Foleni nzima ikageuka. Nikamweleza habari ya dada yangu na mimba yake, ushujaa wote umenitoka.

Akaitazama kompyuta yake, akakunja uso. "Sasa mbona mnajiunga wenyewe? Kila ujumbe umejibiwa. Sikiliza: 'Asante, sisi hatujambo, nawe ubaki salama.' Mara thelathini na tisa."

Mama! Mama ambaye hajawahi kuiacha salamu ya mtu hewani, kila asubuhi alikuwa anavaa miwani na kuwajibu. Na lile dude la Kampuni, lisilojua tofauti ya adabu na mkataba, lilihesabu kila jibu kuwa ni ombi la kuongezewa.

"Tumeni neno ACHA," binti akasema kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri ya lango la mji. "Hilo tu."

Nyumbani mama akavaa miwani, akashika simu kwa mikono miwili.

"Niandike 'acha' tu? Hata salamu hakuna?"

"Hakuna, mama."

"Baba yako asingependa."

Akaandika: Tafadhali acha. Likaja jibu: Samahani, ombi lako halijaeleweka.

Mama akalisoma mara mbili. Kisha mjane yule, Mvaa Viatu Usiku, aliyelea watoto wawili bila kumfokea jirani, akainua kidole gumba na kukishusha mara nne juu ya herufi nne tupu. Minara ikatikisika! Kampuni yenye mamilioni ya wateja ikapiga magoti mbele ya bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ikatamka: Umejiondoa kikamilifu.

"Wajinga," akasema mama, mara yake ya kwanza kumtukana mtu mbele yangu, akairudisha simu dirishani.

Iandikwe hivyo. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Dada bado hajajifungua. Viatu vya mama viko chini ya kitanda, na simu ikilia usiku sasa, ni mtu.