Mkono wa Klachi Uliong'aa

Jumatatu, 4 Agosti
Shule imefungwa. Shangazi ametangaza mezani: kiti cha pili kwenye bredauni, gari lake la kuvuta magari yaliyokwama, ni cha mtu mmoja likizo hii. Mimi au Binamu. Ataamua Ijumaa. Sijawahi kutaka kitu hivi, hata ile kamusi kubwa niliyoililia naihesabu.

Leo winchi, mashine ya bredauni inayoviringa waya wa chuma, ilitoa lori la saruji mtaroni. Mota yenyewe ndogo kama birika! Oili tu, ikisukumwa kwenye mabomba mawili ya mpira, na tani tisa zikaja polepole kama mbuzi aliyekubali yaishe. Nilisahau kufunga mdomo. Binamu akauliza kama nasubiri nzi.

Jumanne, 5 Agosti
Binamu ana misuli na maneno. Mimi nina kitabu cha winchi (kurasa 64, nimekisoma mara tatu), ila mbele za watu sauti yangu huhama nyumba. Kwa hiyo, mpango! Mkono wa klachi, unaounganisha mota na ngoma inayoviringa waya, ukiachwa umelegezwa, mota hunguruma lakini waya hauvuti hata baiskeli. Shangazi atakwama. Binamu atakwama. Nitajitokeza na maneno manne: Shangazi, tazama hiyo klachi. Nimeyafanyia mazoezi mbele ya kabati.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama jioni, nimelegeza, nimefuta alama za vidole kwa leso. Ushahidi: sifuri.

Jumatano, 6 Agosti
Teksi mtaroni. Watazamaji kama thelathini. Mota ikanguruma, waya ukalala tu. Binamu akagonga kila chuma kwa spana na kutangaza msiba wa pampu. Zamu yangu! Neno la kwanza likatoka. Shangazi akageuka. Watu thelathini nao wakageuka. Maneno matatu yakabaki tumboni. Nikasema nina kiu.

Shangazi akaweka kiganja kwenye bomba la oili, akafumba macho. Akasema presha ipo, pampu haina kosa. Huo ni ukurasa wa 41, na hajawahi kukifungua kitabu! Kisha akainama. Winchi nzima ina grisi ya miaka sita, isipokuwa mkono wa klachi, uliong'aa kama kijiko cha wageni. Akautazama. Akaitazama leso yangu, nyeusi kwa grisi. Akasema mhalifu wake ni msafi kupita kiasi.

Alhamisi, 7 Agosti
Adhabu: kuufungua waya wote, mita thelathini, kuufuta, kuupaka oili, kuuviringa upya safu kwa safu. Shangazi akanieleza kwamba winchi huwa na nguvu zaidi ikibaki safu ya chini peke yake. Kila safu inayoongezeka huipunguzia. Yaani waya ukikaribia kuisha kwenye ngoma ndipo inakuwa fahali! Nilikaa dakika nzima nikiwaza hilo.

Mita ya ishirini na mbili, glavu ikanasa. Nyuzi nane za chuma zimekatika, zimesimama kama sindano. Ukurasa wa 52: usivute kitu! Hapo hapo simu ikaita. Basi limezama kwenye tope. Shangazi akataka niviringe haraka; Binamu keshajipachika kitini. Nikafungua kinywa. Hewa tupu. Nikafunga leso palipokatika, kisha nikaukalia waya. Binamu akapiga honi mara tatu. Sikubanduka.

Shangazi akaja amefura. Akaona leso. Akapitisha kidole. Akasema kwamba kwa uzito wa basi, waya ungekatika na kurudi kama upanga, na anayesimama karibu na winchi ni yeye. Akamwomba mwenzake mwenye bredauni nyingine aende.

Ijumaa, 8 Agosti
Kiti ni changu! Shangazi amesema nimeokoa kichwa chake bila kutamka neno, na kwamba kiti ningekipata hata bila hila, kwa kazi safi tu. Maneno mazito. Nimeyanakili kwa wino mwekundu.

Ila ameongeza kwamba Jumatatu Binamu atajaribiwa tena kwa kiti hicho hicho. Haiwezekani. Ukurasa wa 17 kuna skrubu ya presha. Ukiilegeza robo mzunguko, winchi hulegea kama uji. Na sitafuta alama zozote safari hii. Nitavaa glavu za Binamu.