Matairi Yanayopanda Gari

Umma unatangaziwa, na asiyesikia aambiwe na jirani yake, kwamba pikapu ya Idara ya Afya imebadilishwa matairi. Zoezi limefanyika kwa amani na utulivu. Hakuna aliyeumia isipokuwa fundi wa matairi aliyebanwa kidole, naye amesema hana kinyongo.

Tangazo hilo Mkurugenzi aliliandika mwenyewe, akalisoma kwa sauti mbele ya kioo cha maliwatoni, machozi yakamlengalenga. Wakurugenzi wa idara nyingine nao walikuwa na magari, lakini ni nani kati yao aliyewahi kusimamia mageuzi?

Pikapu yenyewe ilikuwa msaada wa wafadhili. Ilikuja nyeupe, inanukia upya, na matairi ya kiwandani laini kama soli za viatu vya harusini. Yalifaa sana kwa lami. Bahati mbaya lami iliishia getini kwa idara, na zahanati zote zilikuwa ng'ambo ya tope. Dereva, pande la mtu ambaye ofisi nzima ilimwita Taratibu, alikwama kilima cha kwanza, akakwama cha pili, kisha akaingia ofisini na tope mpaka kwenye nyusi.

"Bosi, haya matairi hayapandi. Tutafute yenye meno."

"Unataka nianze kuung'oang'oa msaada wa watu?" Mkurugenzi aliuliza.

"Nataka kufika tu, bosi."

Mkurugenzi alimsikitikia. Hawa ndio watu wasiofikiria mbali.

Zahanati iliyokuwa ikisubiri zaidi ilikuwa juu ya kilima kirefu kuliko vyote, na muuguzi mkuu wake alikuwa dada yake Mkurugenzi, aliyemtangulia kuzaliwa na ambaye hajawahi kumwacha alisahau hilo. Zahanati haikuwa na friji. Chanjo za watoto zilipandishwa kwa miguu ndani ya kiboksi cha barafu. Barafu ikiyeyuka njiani, chanjo zinamwagwa, na kina mama wanarudi makwao na watoto wao vilevile walivyokuja. Friji mpya ilikwishanunuliwa na ilikaa stoo ya idara, ndani ya boksi lake, wakati mvua zinaanza.

Dada alipiga simu.

"Friji yangu iko wapi?"

"Dada, suala la jokofu liko katika hatua nzuri za uwezeshaji."

"Nimekuuliza iko wapi, sijakuuliza inajisikiaje."

"Liko stoo. Linasubiri gari. Gari linasubiri matairi, na matairi yanasubiri kamati."

"Na watoto je, wasubiri nini?"

Mkurugenzi aliliona swali hilo kuwa la msingi kabisa, akaliweka kwenye mengineyo.

Kamati ilikaa. Hoja ilikuwa nzito: gari likivuliwa matairi liliyozaliwa nayo, je, bado ni gari lile lile tulilokabidhiwa? Mwanasheria alisema ni lile lile. Mhasibu alisema inategemea. Afisa ugavi aliuliza chai inakuja saa ngapi. Mkurugenzi aliwasikiliza wote, lakini moyoni alikuwa anamkumbuka mtangulizi wake, bwana mmoja mstaarabu, msomi, anayevaa suti hata Jumamosi, aliyeng'olewa kwenye kiti hiki hiki kwa sababu ya jeki ya gari la idara. Jeki haikuibwa. Ilikuwa stoo. Lakini wakaguzi walisema gari liko hapa na jeki iko kule, kwa hiyo mali imepungua, na yule bwana akaondoka na vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Tangu siku ile Mkurugenzi aliogopa, na tuseme ukweli, aliogopa sana. Aliupenda ukurugenzi kama wengine wanavyopenda watoto.

Kwa hiyo alitoa waraka. Uliruhusu matairi mapya, tena yenye meno, ila kwa sharti moja: "Kitu chochote cha asili kilichoondolewa mahali pake, na nafasi yake kujazwa na kingine, kitapanda nyuma ya gari na kufuatana nalo kila liendako, bila kujali ukubwa, umri wala hadhi yake, hadi taratibu za kukiondosha zikamilike." Maneno "wala hadhi yake" aliyaongeza mwishoni, kwa sababu bila hayo sentensi ilisikika fupi.

Matairi mapya yakafungwa. Ya kiwandani yakalazwa nyuma, yakafungwa kamba, yakafunikwa turubai yasinyeshewe. Taratibu na wapagazi wakaibeba friji kutoka stoo, wakaizungusha huku na huku, wakairudisha chini.

"Bosi, friji haienei."

"Likalishwe juu ya matairi."

"Nimejaribu. Inayumba kama mlevi. Kona ya kwanza tu itatuaga."

"Basi jokofu liingie awamu ya pili."

"Na awamu ya kwanza napeleka nini?"

"Matairi."

"Nayapeleka wapi?"

"Kokote gari liendako. Soma waraka."

Taratibu aliusoma. Akausoma tena, midomo ikicheza, kama mtu anayekariri sala. Kisha akawasha gari.

Lazima isemwe kwamba pikapu ilikipanda kilima kile bila kuteleza hata kidogo. Kina mama waliokuwa wakisubiri na watoto mgongoni walipiga vigelegele. Dada akatoka mbio, akafunua turubai, akasimama pale akitazama. Safari hii alipopiga simu hakufoka.

"Mdogo wangu," alisema, "nimeletewa mipira. Leo nimemwaga chanjo zote, na kina mama hawa nimewaambia warudi wiki ijayo. Kuna mmoja ametembea tangu alfajiri. Sijui nimwambie nini."

Sauti yake ilikuwa imechoka tu, na uchovu ule ulimchoma Mkurugenzi kuliko matusi. Dada huyu ndiye aliyembeba mgongoni alipougua surua utotoni, na mpaka leo anakumbuka. Alifungua kinywa kusema, "Mwambie Taratibu ayabwage hayo matairi hapo hapo." Kisha akaikumbuka jeki. Akafunga kinywa, akaahidi kufuatilia.

Hapo ndipo habari njema ilipofika: Mheshimiwa Naibu Waziri angekuja mwenyewe kuzindua jokofu. Minong'ono ya makao makuu ilisema alikuwa anatafuta mtu wa kumpandisha cheo. Mkurugenzi alinunua tai.

Siku ilipowadia, gari refu la Mheshimiwa lilizama tope chini ya kilima, likakataa katakata kuendelea. Mheshimiwa, mama mwenye miwani na maneno machache, alivua viatu vyake virefu, akaingia kwenye pikapu. Mbele walikaa watatu: Taratibu kwenye usukani, Mheshimiwa dirishani, na Mkurugenzi katikati, gia ikimgonga goti. Alikuwa na furaha isiyo kifani. Walifika juu salama.

Ndani ya zahanati palikuwa na meza, mkasi, na utepe uliozungushwa kwenye mraba wa sakafu tupu.

"Mheshimiwa," Mkurugenzi alisema akiinama, "unaalikwa kuzindua Nafasi ya Jokofu."

Mheshimiwa alishika mkasi. "Jokofu lenyewe liko wapi?"

"Awamu ya pili, Mheshimiwa."

"Mbona halikuja na gari tulilokuja nalo?"

"Nyuma palikuwa pamejaa."

"Pamejaa nini?"

"Matairi."

"Matairi ya nini?"

"Ya gari."

"Matairi ya gari nimeyaona. Yamenipandisha mpaka hapa."

"Hayo ni ya kutembelea, Mheshimiwa. Yale ya nyuma ni ya kuwepo."

Mtoto mmoja alipiga chafya. Mheshimiwa aliuweka mkasi mezani, akamgeukia dada.

"Wewe ungefanyaje?"

"Ningeshusha matairi, nikapakia friji."

"Basi. Kuanzia sasa wewe ndiye kaimu mkurugenzi. Twende tukailete."

"Mimi ni muuguzi, Mheshimiwa."

"Ndiyo. Nimeona."

Walitoka. Mheshimiwa akapanda, dada akapanda katikati. Mkurugenzi alipotaka kujibana pembeni, Taratibu alimwekea mkono begani kwa heshima zote.

"Samahani, bosi. Umeondolewa mahali pako?"

"Ndiyo, lakini..."

"Na nafasi yako imejazwa na mwingine?"

Mkurugenzi alimtazama dada yake. Dada alikuwa anafunga mkanda.

"Basi ni nyuma, bosi. Bila kujali umri wala hadhi. Waraka umeandikwa vizuri sana."

Mkurugenzi alitafuta mwanya katika waraka wake mwenyewe na hakuupata. Aliuona, kwa kweli, hauna kasoro. Akapanda, akaketi katikati ya matairi, akavuta turubai kichwani maana mvua ilikuwa imeanza. Kina mama walimpungia mkono. Njia nzima, kwenye kila shimo, tairi moja lilimgonga ubavuni.

Walipofika stoo, dada alishuka na kutoa agizo lake la kwanza.

"Vya nyuma vyote vishushwe. Pakieni friji."

Wapagazi waliingiza stoo tairi moja, la pili, la tatu, la nne. Mkurugenzi alibaki amekaa.

"Taratibu," aliuliza kwa sauti ndogo, "na mimi?"

"Kaimu amesema vyote, bosi."

Alishuka mwenyewe, hakutaka kubebwa, akayafuata matairi ndani ya stoo. Friji ikapita mbele yake ikienda garini, ikaenea nyuma bila shida, nafasi ikabaki. Pikapu ikaondoka, matairi yenye meno yakirusha tope mpaka mlangoni, na mtunza stoo, aliyeambiwa tu kwamba vilivyoshuka vifungiwe, akafunga.

Mkurugenzi alikaa juu ya matairi ya kiwandani akisubiri taratibu zikamilike. Macho yalipozoea giza, aliona kwenye rafu mbele yake kitu kidogo cha chuma, kimejaa vumbi.

Ilikuwa jeki.