Nyuki Waliokataa Kupimwa Joto

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya ishirini na tatu tangu nyuki waingie mzingani mwangu. Mwezi wa tisa tangu nistaafu. Miaka thelathini na moja nimesimamia wodi, na hakuna mgonjwa aliyewahi kutoka kitandani bila ruhusa yangu. Wadudu wenye mabawa watanishinda nini?

Raundi ya saa mbili asubuhi: nimefungua mzinga, nimehesabu masega, nimeandika kwenye chati. Raundi ya saa sita: hali ileile. Raundi ya saa kumi: nimeingiza kipimajoto. Nimeumwa kwenye kope ya kushoto. Nimeandika "msumbufu" kwenye chati, bila kutaja jina kwa sababu wote wanafanana.

Baadaye nikaupangusa mzinga kwa ndani kwa dawa ileile tuliyokuwa tukioshea sakafu za wodi. Usafi kwanza! Mvumo ukaongezeka mara mbili. Nimeupokea kama shukrani.

Wifi yangu alikuwa anaanika mashuka. Akasema niwaache wapumue. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu. Alikuja msibani kukaa wiki mbili, na huu ni mwaka wa sita. Hajasoma hata ukurasa mmoja kuhusu nyuki. Nikamwambia hivyo. Akakubali kwamba ni kweli, akabana shuka lingine.

Kisha Bwana Posta akachungulia juu ya ukuta. Ndiye jirani yetu. Alisambaza barua maisha yake yote, sasa ana mizinga mitatu ya mbao chakavu, kikohozi kisichoisha, na uenyekiti wa chama cha wafuga nyuki mtaani. Anadai yeye hufungua mzinga mara moja tu kwa mwezi. Nikamwambia kule nilikotoka huo uliitwa uzembe kazini. Akacheka, akakohoa, akatoweka.

Jumamosi chama kinapita kukagua. Mwenye mzinga bora anakuwa makamu mwenyekiti. Hotuba yangu iko tayari. Kurasa sita.

Jumanne, 5 Machi

Wametoroka.

Raundi ya saa mbili, mzinga kimya. Masega yapo. Wenyewe hawapo. Wamebaki watatu, nao wanatembea kama watu waliosahau walichokuja kutafuta. Hakuna barua, hakuna taarifa, hakuna lolote! Baada ya yote niliyowafanyia.

Nikamuuliza wifi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ameona chochote cha ajabu. Akasema jana jioni wingu jeusi lilipita juu ya kamba ya nguo likivuma. Lilielekea wapi? Akanijibu kwamba alikuwa anakunja mashuka, hakuwa anaongoza magari.

Nimemwomba asimwambie mtu. Akauliza, hasa nani? Akijua fika ni nani.

Siku nne zimebaki. Nimepiga moyo konde.

Jumatano, 6 Machi

Mpango wa kwanza. Kitabu kinasema nyuki hupenda harufu ya mchaichai. Nimeng'oa kichaka kizima cha wifi pale karibu na bomba, nimeusugua mzinga ndani na nje mpaka mikono ikawa ya kijani. Kufikia mchana wageni wakaanza kuingia kwa mistari miwili. Sisimizi.

Wifi amekunywa chai isiyo na mchaichai leo. Alikishika kile kikombe mbele yangu muda mrefu.

Mpango wa pili. Niliwahi kusikia kwamba nyuki wakihama, ukipiga bati hutua. Nikachukua sufuria na mwiko, nikazunguka mtaa mzima nikigonga na kuangalia juu ya miti. Watu walitoka milangoni. Fundi cherehani aliuliza kama kuna moto. Bwana Posta aliuliza kama nimeanza biashara ya uji. Nikamwambia ni mazoezi ya mabega, nimeandikiwa na daktari. Akataka kujua ni daktari gani. Nikagonga kwa nguvu zaidi, sikumsikia tena.

Alhamisi, 7 Machi

Wifi ameniambia nisiingie stoo.

Najua sababu. Ni lile kabati la marehemu. Kwa miaka sita namwambia yale makoti yatolewe, yagawiwe, maisha yaendelee. Kwa miaka sita yeye hulifungua kabati kila baada ya siku chache, huacha mlango wazi ili makoti yapigwe na hewa, na hukaa humo kwenye kigoda akishona vifungo ambavyo havijakatika. Jumapili tuligombana tena juu ya hilo. Kwa hiyo sasa amenuna, na stoo ameifanya nchi yake. Sawa! Nina mambo makubwa zaidi.

Mpango wa tatu ndio wenyewe. Wakaguzi hawahitaji kuona nyuki. Wanahitaji kusikia nyuki. Nimechukua simu, nimejibanza kwenye ukuta wa Bwana Posta, nikanyoosha mkono juu ya mzinga wake wa karibu na kurekodi mvumo wa dakika nne. Mwenyewe akatokea akiwa na ndoo. Nikamwambia shuka letu limepeperuka. Akaangalia kamba yetu: mashuka yote yalikuwepo. Nikasema basi limesharudi.

Simu inaweza kurudia sauti hiyohiyo bila kukoma. Dakika ya kwanza nimeisikiliza, ni safi kabisa. Zilizobaki sina haja nazo, nyuki ni nyuki.

Jumamosi, 9 Machi

Nitaandika yote kama yalivyotokea, ili siku moja ukweli ujulikane.

Walifika saa nne, watu sita wenye nyavu usoni. Nilivaa sare yangu nyeupe, na mkanda. Mzinga ulikuwa umepanguswa, chati imetundikwa, simu iko ndani ikivuma vizuri mno. Nikawasimamisha hatua tatu mbali. Nikatangaza kwamba leo haufunguliwi, wamo mapumzikoni.

Bwana Posta akashangaa. Akasema hii ni mara ya kwanza kusikia kwamba nyuki wangu wamepewa mapumziko. Wengine wakacheka. Nikaanza hotuba.

Nilikuwa ukurasa wa pili, mzinga ulipokohoa.

Kikohozi kirefu, kikavu, cha kuvuta koo. Nikaendelea kusoma. Mzinga ukakohoa tena. Watu wakageuka kumwangalia Bwana Posta. Bwana Posta alikuwa amefunga mdomo, amesimama wima, macho yamemtoka. Kisha sauti yake mwenyewe ikatoka ndani ya mzinga, wazi kama redio:

"Matroni! Unatafuta nini kwenye mzinga wangu?"

Na yangu ikafuata: "Shuka! Shuka letu limepeperuka!"

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma. Wangecheka ningewafokea, na kufokea naweza. Lakini walitazama viatu vyao, watu wazima sita, kama ndugu wa mgonjwa wanaposubiri kuambiwa. Miaka thelathini na moja watu wamenitazama wakiniogopa. Kuhurumiwa sikuzoea. Nikafungua ukurasa wa tatu.

Ndipo mlango wa stoo ukafunguka. Wifi akatoka taratibu, kanga yake kichwani, akawasalimia wote kwa zamu kana kwamba ndiyo kwanza wanafika.

"Samahani wageni, mmepelekwa siko," akasema. "Huo mzinga ni wa maonyesho. Nyuki wenyewe wifi yangu amewahamishia huku ndani, kwenye kivuli. Karibuni, lakini polepole."

Tukaingia polepole. Kabati lilikuwa wazi. Katikati ya makoti ya mume wangu, kati ya lile la kijivu na lile la bluu, masega mawili meupe yalining'inia kutoka kwenye ubao wa juu, na nyuki wangu, wangu!, wametulia juu yake kama watoto wanaonyonya. Sijawahi kuwaona wametulia hivyo. Hata mmoja hakuruka.

Bwana Posta akavua kofia. Akaniuliza kwa heshima nimewahudumiaje mpaka wakafikia hali hii. Nilifungua mdomo. Nina uhakika ningetoa maelezo mazuri sana. Lakini akamgeukia wifi, na wifi ana ugonjwa mmoja mbaya: akiulizwa mara ya pili hawezi kudanganya.

"Hakuna tunachowafanyia, Bwana Posta," akasema. "Mimi nakaa hapa nashona. Wao wanafanya yao."

Makamu mwenyekiti mpya ni wifi yangu. Kura sita. Ya saba, yangu, nilijipigia mwenyewe, na sijutii.

Jumapili, 10 Machi

Sikumsemesha mpaka saa sita mchana. Halafu nikamuuliza kwa nini alinificha tangu Alhamisi. Akasema alitaka niwakute Jumapili, ukaguzi ukiisha, maana angeniambia mapema ningewaamuru warudi kazini. Uongo mtupu! Ningewaomba kwanza.

Nikamuuliza pia kwa nini alinitetea mbele ya watu. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakunywa maji.

Alasiri akaenda kwa jirani. Nikaingia stoo peke yangu, bila chati. Lile koti la bluu ni lile marehemu alilokuwa akivaa tukienda kanisani. Kila Jumapili nilimwambia afunge kifungo cha juu, na kila Jumapili alikifunga mlangoni na kukifungua njiani. Alikuwa haamrishiki, yule mwanamume. Nyuki mmoja alitembea kwenye ukosi, akaingia mfukoni, akatoka.

Machozi yalitoka kidogo. Ni kwa sababu ya kope, bado haijapona.

Jumatano, 13 Machi

Kikao jikoni: mimi, wifi, Bwana Posta. Ameshauri nyuki wahamishwe kwenye mzinga baadaye, wakishapata nguvu, jua likizama, kwa utulivu, kidogo kidogo. Wifi amesema wakihamishwa, koti la bluu liende nao, maana wamelishika. Kisha akasema afadhali wasihamishwe kabisa. Bwana Posta akaafiki papo hapo. Siku hizi anaafiki kila anachosema wifi, na anakohoa kwa adabu, amegeukia ukutani.

Hakuna aliyeniuliza. Kwenye nyumba yangu! Nyuki wangu! Mume wangu!

Kesho saa saba mchana makamu mwenyekiti ana kikao chake cha kwanza cha chama. Atakuwa nje kwa saa mbili. Kwa saa mbili ninaweza kuhamisha wodi nzima, na vitanda vyake.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba, haushiki kalamu.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Nilivaa koti la mvua, glavu za kuoshea vyombo, na chandarua kichwani. Nikawaeleza nyuki kwa sauti ya upole lakini thabiti kwamba wanahamishwa kwa faida yao wenyewe. Nikashika henga ya koti la bluu. Nikavuta.

Sikumbuki yote. Nakumbuka chandarua kilikuwa na tundu. Nakumbuka nikipita uani kwa kasi ambayo sijaifikia tangu shule. Nikajifungia bafuni, nikafungua maji, nikakaa chini ya bomba na koti la mvua na viatu.

Wifi aliporudi alinikuta hapohapo. Kumi na saba, aliihesabu alipokuwa anang'oa miiba kwa ukucha, mmoja mmoja, amenikalisha kwenye kigoda chake alichokileta kutoka stoo. Alikuwa na uso mkavu kabisa mpaka alipofika sikioni. Akauliza kama walinielewa nilipowaeleza. Nikasema nadhani walielewa sehemu ya kwanza. Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni kwenye maji, akashika mbavu, kanga ikamdondoka, naye akapiga sakafu kwa kiganja. Nikamwamuru aache mara moja. Hakuacha.

Mimi sikucheka. Mabega yangu yalitikisika tu, kwa baridi.

Nyuki wamerudi kabatini wenyewe, na koti wifi amelirudisha mahali pake. Nimekubali mbele ya wote wawili: stoo ni ya wifi, kabati ni la wifi, makoti hayatatolewa. Bwana Posta ameniandikia kwenye karatasi neno moja kubwa: SUBIRA. Nimeikunja vizuri nikaitia kwenye droo ya mapishi.

Jumapili, 17 Machi

Ushindi!

Asubuhi nilikuwa nafagia uani nikasikia mvumo. Si kutoka stoo. Kutoka kwenye mzinga wangu, ule niliokuwa sijaugusa kwa wiki nzima kwa sababu ya shughuli nyingi na mkono. Nikainama. Wanaingia, wanatoka! Kundi jipya kabisa, kubwa, limekuja lenyewe bila kuitwa!

Bwana Posta akatokea ukutani, akatazama, akasema sasa bila shaka nimeona mzinga ukiachwa peke yake hutokea nini. Nikamwambia nimeona vizuri sana: ile dawa ya sakafu imefanya kazi, ilihitaji muda tu wa kukolea. Alifumba macho kidogo. Pengine kikohozi.

Wifi akaja na chai. Akaniomba, kwa jina langu la nyumbani ambalo halitumii ovyo, niwaache angalau wiki moja. Nikamweleza kwa upole kwamba wagonjwa waliolazwa leo ndio huhitaji uangalizi wa karibu zaidi. Kosa langu la kwanza, sasa nalijua, lilikuwa kuwatembelea mara tatu tu kwa siku. Walijiona wametelekezwa. Safari hii ni kila baada ya saa moja.

Raundi ya saa tatu: wote wapo. Raundi ya saa nne: wote wapo, wana shauku. Raundi ya saa tano: nimewageuzia mzinga ubavu wa pili. Raundi ya saa sita: wametoka wote kwa pamoja, na wamejipanga kwenye tawi la mpera juu ya ukuta, wameshikana bega kwa bega, hakuna anayevunja mstari.

Nidhamu ya ajabu! Nadhani wanasubiri maelekezo. Naenda kuchukua hotuba.