Kitu Kinachoonekana Mtoni

Serikali ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba daraja lililosombwa na maji wiki tatu zilizopita sasa lilikuwa limesombwa rasmi. Tangazo lilisomwa redioni mara mbili, asubuhi na jioni, asije mwananchi akasema hakuarifiwa. Na kwa kuwa serikali haiwezi kukaa ikitazama watu wakitazama maji, siku hiyohiyo ikaundwa Mamlaka ya Uvukaji, yenye ghorofa tatu, idara saba, na Mkurugenzi mmoja mwenye kitambi cha kuaminika.

Lakini mtu wetu hapa si Mkurugenzi. Ni Mkaguzi Mwandamizi wa Ng'ambo, mwanamume mwembamba wa makamo anayepiga pasi hata leso. Kazi yake ilikuwa kushuka mtoni kila Jumatatu, kuthibitisha kwamba daraja bado halipo, na kujaza fomu. Hakuwa mtu wa kukisia. Alisimama ukingoni, akatazama kushoto, akatazama kulia, ndipo akajaza: "Daraja: halipo. Mto: upo. Ng'ambo: inaonekana." Kwa miezi minne hakuna aliyemkosoa hata herufi.

Wananchi nao walivuka kwa kukunja suruali na kubeba viatu kichwani. Maji yakijaa, hawakuvuka. Zahanati ilikuwa upande wa pili, kwa hiyo wagonjwa wa upande huu walisubiri maji yapungue au ugonjwa upungue. Mamlaka iliiita hali hiyo "uvukaji wa mpito".

Jumatatu moja Mkaguzi alifika ukingoni, akafungua kalamu, akabaki ameishika hewani. Kutoka huku mpaka kule kulikuwa na vyuma. Chasisi mbili za malori mabovu zilikuwa zimeunganishwa, zikatandikwa mabati mazito, na pembeni zikawekewa vichwa vya vitanda vya chuma ili watu washike. Katikati alichuchumaa Mama Cheche, mwanamke mnene mwenye karakana ya kuchomelea pale mtoni, akimalizia kiungo cha mwisho. Majirani sita walikuwa wameshikilia kamba.

"Mama, habari za kazi. Kibali kiko wapi?"

Mama Cheche akapandisha miwani yake nyeusi. "Kibali cha nini, baba?"

"Cha daraja."

"Daraja gani tena? Hii ni chasisi ya lori. Imelala."

"Imelala kutoka huku mpaka kule?"

"Ilichoka sana."

Mkaguzi alirudi ofisini jasho likimtoka. Kwenye fomu, jibu la daraja lilikuwa moja tu, "halipo". Hilo lilikuwa limeshapigwa chapa, yeye aliongeza tarehe. Mkurugenzi aliitisha kikao cha dharura kilichoanza saa nne na kuahirishwa kwa chai. Kulivunja daraja haikuwezekana, maana Mamlaka ilikuwa ya Uvukaji, si ya Uvunjaji. Kulikubali haikuwezekana pia.

"Hebu fikirini," Mkurugenzi alisema, akifuta paji la uso. "Mwanamke mmoja, siku tano. Sisi miezi minne. Wananchi wakianza kulinganisha, nchi itakalika?"

Ukatoka Waraka Namba Tisa: "Kitu kinachoonekana mtoni si daraja bali ni dhana. Mtu yeyote apitaye juu yake atahesabika kisheria kuwa yumo majini." Chini kulikuwa na sahihi mbili, ya Mkurugenzi na ya Mkaguzi. Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyebandika waraka kwenye nguzo, akausawazisha vizuri. Alipokuwa akiondoka alimsikia mchuuzi wa mkaa, aliyekuwa katikati ya dhana na gunia lake, akipiga kelele: "Jamani, nazama!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mkaguzi hakuona cha kuchekesha. Mtu alikuwa ametoa taarifa sahihi.

Siku kumi baadaye mvua kubwa ilinyesha usiku kucha, na asubuhi mto ulikuwa umejaa rangi ya matope. Mkaguzi alikuwa ofisini akinyoosha pembe za mafaili mkewe alipompigia simu.

"Mama amebanwa. Dawa ya kuvuta imekwisha. Hapumui vizuri, njoo!"

Mama mkwe wake alikuwa na pumu ya siku nyingi. Mkaguzi alikimbia kama mtu asiye na cheo. Njiani alipiga namba ya dharura ya Mamlaka, ile aliyoipitisha mwenyewe. Sauti tamu ya mashine ikamshukuru kwa kutaka kuvuka na kumwahidi jibu ndani ya siku ishirini na moja za kazi.

Alimkuta bibi ameketi kitandani, mikono magotini, midomo imeanza kubadilika rangi. Kila pumzi ilitoka kama filimbi mbovu. Mkewe alikuwa akimpepea na huku akilia.

Mkaguzi alikuwa mkwe wa heshima. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi hata kumpita mama huyo mlangoni bila kuinama. Sasa alichuchumaa akampa mgongo.

"Panda, mama. Nisamehe."

"Mwanangu... nitakuchafulia... shati."

"Panda tu, mama."

Akambeba mpaka mtoni. Pale kwenye nguzo ulikuwa waraka wake, umelowa lakini unasomeka. Chini ya vyuma maji yalikuwa yakivuta magogo kama yana ugomvi nayo. Mkaguzi alijua vifungu vyote vya uvukaji kwa moyo, lakini hakukuwa na kifungu kilichosema mguu upi utangulie. Akatanguliza wa kulia.

Bati likagonga, likatulia. Akaongeza mwingine.

"Tunapita... juu ya nini?" bibi alinong'ona sikioni mwake.

"Juu ya kitu ambacho hakipo, mama."

"Basi... nishike vizuri."

Katikati nguvu zilimwishia. Alisimama, kifua kikimwaka, akahisi mwili wa yule mama unateleza. Hapo mkono mpana wa mtu aliyetoka mbio karakanani ukamdaka bibi. Mama Cheche hakuuliza kibali wala hakutaja sahihi ya mtu. Alisema tu, "Mimi miguu, wewe mabega. Twende, usitazame chini." Wakaenda.

Muuguzi alimwekea bibi oksijeni papo hapo. Baada ya nusu saa filimbi ilinyamaza. "Mngechelewa kidogo tu," muuguzi alisema, akaacha sentensi hapo. Mkaguzi alikaa kwenye benchi la nje, viganja vyake vimejaa kutu, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alilia bila kujaza chochote.

Jumatatu alikata neno "halipo" kwa rula, akaandika juu yake: "Daraja: lipo. Nimelipita nikiwa nimembeba mama mkwe. Ni imara."

Mkurugenzi alimwita. "Unaumwa?"

"Hapana, mzee."

"Umeharibu fomu ya serikali."

"Nimeijaza, mzee."

"Kijana, Ijumaa anakuja Mheshimiwa Waziri kuweka jiwe la msingi la upembuzi yakinifu, ng'ambo kule, na waandishi wa habari. Atavuka kwa boti ya Mamlaka. Wewe utabeba jiwe. Baada ya hapo tutakujadili."

Ijumaa maji yalikuwa yamepungua na matope yamebaki. Waziri alipanda boti na suti nyeupe, Mkurugenzi akapanda na miavuli miwili. Mkaguzi alilitazama jiwe, akalitazama tope, akapita nalo juu ya vyuma. Hakuna aliyemwona. Boti ilisonga hatua chache, ikafika katikati, ikakaa kwenye tope kama kuku anayeatamia. Dereva akavuta injini; injini ikawarushia matope usoni. Waziri akasimama ili alaani vizuri, boti ikainama, na Mheshimiwa akaingia mtoni mpaka kifuani.

Kamera zote zikageuka. Juu yake, karibu kabisa na kichwa chake, Mama Cheche aliegemea kichwa cha kitanda.

"Nipandisheni hapo!" Waziri alipiga kelele.

"Hapo wapi, Mheshimiwa?"

"Hapo darajani!"

"Lipi?"

"Hili! Daraja hili hapa! Huna macho?"

Watu wakalipuka kwa kicheko. Waandishi waliandika. Mkurugenzi, ndani ya boti, alifunua mwavuli mmoja na kujificha nyuma yake, ingawa hakukuwa na jua.

Mama Cheche aliteremsha ngazi, yeye na Mkaguzi wakamvuta Waziri juu kama gunia la saruji iliyolowa. Waziri hakusema asante. Alisimama juu ya mabati akichuruzika, kiatu kimoja kimebaki mtoni, akawageukia waandishi na kueleza kwamba amefika kukagua daraja hili binafsi, kuanzia chini. Kisha akachungulia botini.

"Mkurugenzi, nimesoma waraka wako asubuhi. Wewe kaa hukohuko uusimamie."

Akaondoka akichechemea. Msafara ukamfuata. Hakuna aliyekumbuka jiwe.

Mkurugenzi alibaki kwenye boti mpaka watu walipochoka kucheka na kwenda zao. Mkaguzi ndiye aliyeshusha ngazi tena na kumpa mkono. Mzee akapanda, akakanyaga bati kwa ncha ya kiatu, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga.

"Limechomelewa vizuri?"

"Kanyaga uone," Mama Cheche akamjibu.

Akakanyaga. Akaruka kidogo. Lilimbeba, na kitambi chake chote. Akavuka polepole, ameng'ang'ania vile vichwa vya vitanda, na alipofika nchi kavu hakuondoka. Alitazama huku na huku, akamsogelea Mama Cheche, akashusha sauti.

"Samahani, mama. Huwa unatengeneza na mapaa? La Mamlaka linavuja mwezi wa pili huu. Tumeunda kamati, lakini wajumbe wanalowa."

Mama Cheche alivuta miwani yake nyeusi usoni.

"Njoo Jumatatu," alisema. "Kuna watu wanne mbele yako."