Hotuba ya Mkurugenzi, Neno kwa Neno

Kwa furaha kubwa, Idara yetu ya Masoko ilitangaza kwamba kila habari ya sauti kwenye tovuti yetu sasa itaambatana na maandishi yake. Tangazo lilitolewa kwa sauti.

Punde alifika Lornah, fundi cherehani wa soko la Kondele, ambaye ni kiziwi, pamoja na dadake Caren anayemtafsiria kwa ishara. Majirani walikuwa wamemwambia kwamba Mkurugenzi Ondiek ametangaza mtandaoni kuhamisha vibanda vyote hadi soko jipya nje ya mji, njia ya Awasi. Kibanda chake cha kushonea ndicho kinacholisha watoto wake.

"Anataka kusoma hiyo hotuba," Caren akasema.

"Apige simu kitengo husika," nikamjibu, kwa mujibu wa utaratibu.

Caren akanitazama. "Bwana, apige simu aongee na nani, na hasikii?"

Swali lilikuwa zito, likapelekwa kamatini. Kamati ikaazimia hotuba iandikwe neno kwa neno. Kazi nikapewa mimi, Katibu. Hotuba ilikuwa ndefu. Siku ilipotolewa, sisi maofisa tulishapiga makofi kabla haijafika katikati, na wasikilizaji wa mtandaoni walizima mapema zaidi. Hata mimi, kurasa za mwisho nilizichapa nikiwazia samaki wa mchana.

Lornah ndiye mwananchi wa kwanza kufika mwisho wa hotuba ya Mkurugenzi. Alirudi na wafanyabiashara wa Kondele, wakajaza ukumbi wetu. Akaweka kidole kwenye aya ya mwisho: "Hakuna kibanda kitakachohama kabla mimi na ofisi yangu hatujahamia huko kwanza, tukakaa mwaka mzima."

Mkurugenzi akasoma mara mbili. "Nani alisema haya?"

"Ni wewe, Mzee," nikasema.

"Haya yalikuwa ya kusikiwa, si ya kusomwa."

Lornah akaashiria. Caren akatafsiri: "Anasema kwake hiyo tofauti haipo."

Hakuna aliyeondoka ukumbini mpaka Mkurugenzi alipotia saini kwamba ofisi yetu ndiyo itakayotangulia. Tulihama Jumatatu. Soko jipya lina mabati mazuri; maji na choo viko katika hatua ya mipango. Lornah yuko Kondele, anashona sare za shule.

Mkurugenzi akibanwa na haja, huvuka barabara na kupiga hodi kwa Mama Nangila, jirani yetu mpya. Huanza kwa kueleza wadhifa wake na changamoto za sekta.

"Mzee," Mama humkatiza, "ni choo? Basi pita."