Shigela Anagawa Sumu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimejiponza. Joakim wa Binza, kule Maswa, amepiga simu kuthibitisha kwamba Jumamosi wanakuja kuzungumzia mahari ya binti yangu Precious. Mwanawe Josia anamtaka, na Precious naye siku hizi hata ugali haupiti. Nikapokea simu kwa sauti nzito: "Mwenyekiti Shigela hapa." Imetoka yenyewe! Mwenyekiti wa kitongoji chetu hapa Kasoli ni Ngeleja. Alinishinda Novemba, na tangu hapo kila asubuhi ananiamkia mwangaluka kwa upole wa kuudhi.

Minza, mke wangu, ananishauri nipige simu nikiri. Nimemwambia kwamba kuwa mwenyekiti kweli ni rahisi zaidi.

Jumanne, 4 Februari

Mungu hamtupi mja wake. Salvatory, mpwa wangu aliyesomea mifugo Mongolia ya Ndani, huko China, yuko Bariadi mjini kwa likizo. Nimemfuata. Nikamuuliza uongozi wa wafugaji wa kule umegawanywaje, labda kuna cheo cha kuiga. Akasema Wamongolia wana mkoa wenye mamlaka yake. Chini ya mkoa zilikuwepo ligi, nyingi sasa zimegeuzwa miji. Chini ya ligi kuna bendera, ndizo wilaya. Nikauliza kama hushushwa jioni. Akasema hapana mjomba, ni jina tu. Chini ya bendera, penye malisho, kata inaitwa sumu, na kwa lugha yao maana yake ni mshale. Penye wakulima kata ina jina jingine.

Hapo akili yangu ikawaka. Wafugaji na kwao, wakulima na kwao! Kitongoji chetu upande wa korongo ni wafugaji, ndugu zangu watupu. Upande wa barabara ni wakulima wa pamba, watu wa Ngeleja. Tukigawanywa, upande wetu utahitaji mwenyekiti. Nani tena?

Nimemtuma Mayunga wa bodaboda, mwenye kipaza sauti, atangaze mkutano. Alitaka maelezo marefu. Nikamwambia afupishe, watu wana kazi, funza wameingia kwenye pamba. Aseme tu: "Kesho saa nne, Shigela anagawa sumu."

Jumatano, 5 Februari

Umati! Sijawahi kupendwa hivi. Wamekuja hata wa vitongoji vya jirani. Kila mtu na chupa au dumu, wengine na mabomba ya kupulizia mgongoni. Nikadhani wanapitia shambani.

Nikahutubia. Mkoa, ligi, bendera. Wakasikiliza kwa adabu. Nilipofika kwenye sumu wakasogea mbele wote, wakafungua vifuniko. Mama Klementina, jirani yangu, akauliza kila kaya inapata chupa ngapi. Nikamjibu kwamba sumu haitiwi kwenye chupa, sumu ni watu. Wakaanza kufunga vifuniko. Nikaongeza kwamba mimi ndiye nitakuwa mwenyekiti wa sumu. Mzee mmoja akasema funza wanamaliza pamba yake na mimi namsimulia mishale.

Ngeleja, mtu mbaya yule, akasimama taratibu akasema sumu ya pamba imefika kwenye ghala la ushirika, twendeni. Wakamfuata. Hata ndugu zangu wafugaji, ambao hawana mche mmoja wa pamba.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda kwa Violeth, mtendaji wa kijiji, kumwomba anigawie kitongoji kabla ya Jumamosi. Amecheka mpaka akavua miwani. Akaeleza kwamba wakazi waombe mkutanoni, kijiji kikubali, kata ijadili, halmashauri ya wilaya ipitishe, kisha mkoa, ndipo Waziri atangaze. Nikauliza kama Waziri ana simu. Akanipa maji ya kunywa.

Faida moja nimepata. Njia nzima watu wananiita Mwenyekiti wa Sumu. Wananitania, lakini cheo ni cheo. Nimewaitikia wote.

Jumamosi, 8 Februari

Joakim kafika na wazee wake. Mambo yakaanza vizuri. Mama Klementina akapita, akaniamkia: mwangaluka, Mwenyekiti. Nikavimba. Joakim naye akafurahi, akamuuliza mimi ni mwenyekiti wa nini. Mama Klementina akajibu kwamba wa sumu.

Joakim alikuwa na kikombe cha maziwa mdomoni. Akakirudisha mezani. Wazee wake nao wakarudisha vyao. Nikawahi kueleza kwamba maana yake ni mshale. Ikawa mbaya zaidi.

Nikamsikia Precious analia jikoni. Hapo niliona aibu, na moyo uliniuma kwelikweli. Minza akatoka, akarudi na Ngeleja.

Ngeleja akasalimia, akachukua kikombe cha Joakim, akanywa maziwa yote, akajipangusa mdomo. Kisha akaeleza kwamba mwenyekiti ni yeye, na Shigela ni mtu mwema ila maneno yake hutangulia akili. Joakim alicheka mpaka akapaliwa. Mahari ikakubaliwa, Ngeleja akiwa shahidi, na ng'ombe wa kwanza wataletwa wiki ijayo. Precious alipiga magoti kumshukuru Ngeleja. Mimi alinipita akitabasamu, nami nikaridhika.

Jumapili, 9 Februari

Nimetafakari ibada nzima. Kosa langu lilikuwa moja tu, nililenga chini. Sumu ni kata. Juu yake ni bendera, na juu ya bendera ni ligi. Ngeleja ana kitongoji. Basi mimi nitaanzisha ligi ya mpira, niwe mwenyekiti wa ligi! Kwa Wamongolia nitakuwa nimemwacha mbali sana. Joakim atatangaziwa siku ya harusi.

Timu nitazipanga kwa makundi. Mayunga nimeshamtuma na tangazo fupi, kama lile la kwanza: "Jumatano, Shigela anagawa makundi." Minza ameuliza makundi ya nini, maana habari za ng'ombe wa mahari zimeshafika Kasoli nzima. Nimemwambia watu wana akili, wataelewa.

Shemeji Mboje ameshafika, kabla hata ya siku yenyewe. Amekuja na kamba. Ya kupimia uwanja, bila shaka.