Mabibi wa Bingo na Santuri ya Pasi za Umeme

Alhamisi, 6 Machi 1980
Mimi ndiye mpiga gita la besi bora kuliko wote Uingereza. Na Ufaransa pia, ingawa sijafika. Leo santuri yetu ya kwanza imeingia madukani. Sheffield nzima ingetikisika kama si mvua. Bendi inaitwa Pasi za Umeme. Tunapiga wimbi jipya, muziki wa kisasa wa vijana: kinanda cha umeme, koti la kubana, kutabasamu marufuku.

Gazeti la muziki limesema tunalia kama mashine ya kufyonza vumbi iliyomeza soksi. Lakini limetuandika! Nimebandika kipande ukutani. Lorna, mwimbaji wetu, kakibandua. Ana wasiwasi. Kampuni imesema tusipoingia kwenye orodha ya mauzo Jumatano, hakuna santuri ya pili, naye kaacha kazi kiwanda cha visu kwa ajili ya bendi. Nikamwambia atulie, kichwa changu kinafanya kazi. Akasema hicho ndicho kinachomtisha.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata! Hapa mjini duka la Ackroyd tu ndilo hupeleka London taarifa za mauzo za kutengenezea orodha. Siri kubwa, hata mbwa wanaijua. Vijana wakinunua kwa mkupuo, Ackroyd atashtuka. Lakini mabibi? Bibi yangu Edna ana wenzake kumi wa bingo, ule mchezo wa kubahatisha namba. Nimewapa hela ya petroli ya gari la bendi wakanunue santuri yetu. Bibi kauliza, mjukuu wangu, huu si wizi? Nikamwambia ni sanaa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimejibanza kituo cha basi mkabala na duka. Wakaingia mmoja mmoja na vikapu vyao. Wakatoka, kila mmoja na santuri. Nikarukaruka! Kisha nikachungulia kikapu cha Bibi.

Santuri ya Rodney Crabtree! Yule mwenye mbwembwe wa bendi ya Mlango wa Nyuma, washindani wetu!

Kumbe kwa Ackroyd mteja husikiliza kwanza, na wale mabibi hawanunui hata kabichi bila kuiminya. Bibi kasema yetu aliisikiliza, wee, meno ya bandia yakamcheza mdomoni. Na Rodney? Eti kijana ana sauti tamu, tena kachana nywele. Mwenzake, Bibi Winifred, kachukua mbili, moja ya dada yake.

Jumatano, 12 Machi
Orodha imetoka. Sisi hatumo. Rodney yumo, namba sabini na nne! Kapita kwetu na gari, kapiga honi, kaniambia nimsalimie bibi. Mabibi walipayuka dukani, na Ackroyd kamweleza kila kitu.

Ijumaa, 14 Machi
Lorna harudi kiwandani. Rodney kamchukua waimbe pamoja. Alikuja kufuata kipaza sauti chake, nikamwambia atajuta. Akasema haya, Clive, ukiona najuta nishtue. Bibi kamwomba Lorna saini!

Shauri yao. Natafuta mwimbaji mwingine. Safari ijayo nitatuma mabibi wasiosikia vizuri.

Jioni nimesikiliza santuri yetu mwanzo hadi mwisho, mara yangu ya kwanza. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: mpango haukuwa na kasoro. Kilichoharibika ni kimoja tu, besi yangu. Nyimbo zote kumi, haipatani na chochote. Nev wa kinanda aliniomba nikaze nyuzi ziendane na kinanda kabla hatujarekodi. Nikamjibu wimbi jipya halikazi nyuzi.

Na halikazi.